Bamvua na Ndege wa Ufukweni: Jinsi ya Kuipanga Siku kwa Maji

Maji yakipwa, ndege wanaotafuta chakula kwenye matope ya pwani hutawanyika eneo kubwa kiasi kwamba hata darubini kali huonyesha vidoa tu. Yakijaa, malisho yao hufunikwa, nao hulazimika kukusanyika penye nchi kavu iliyosalia. Siku za bamvua, yaani zile ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, nchi kavu hiyo huwa ndogo kuliko siku nyingine zote, na makundi yaliyokuwa mbalimbali husimama pamoja, ubavu kwa ubavu, kwa saa mbili tatu. Ndiyo siku ya kuwaona kwa karibu, kuwatambua na kuwahesabu. Ina sharti moja linalotangulia mengine yote: uwe umeshakaa mahali pako kabla ndege hawajafika, na usiinuke mpaka wameondoka kwa hiari yao.

Kuchagua siku

Bamvua huja mara mbili katika kila mzunguko wa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu wakati huo jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja. Maji makubwa kabisa hayaji siku ile ile. Sehemu nyingi huchelewa siku moja hadi mbili. Anayefuata tarehe za mwezi wa Kiislamu kwa kawaida atayakuta kati ya tarehe 1 na 3, na tena kati ya 15 na 17. Siku saba hivi baadaye ni maji mafu, na siku hizo usitegemee mkusanyiko mkubwa: sehemu ya matope hubaki wazi hata maji yakijaa, na ndege wengi huendelea kula mbali na wewe.

Bamvua nazo hazilingani. Zile za karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, Machi na Septemba, huwa kubwa zaidi, hasa mwezi unapokuwa pia karibu na dunia. Kwa bahati njema ndiyo miezi ya msafara. Kwenye pwani za joto na za kusini, Septemba ndege wanaingia kutoka kaskazini walikozaliana. Machi wananenepa kwa safari ya kurudi, na wengi wameshaanza kuvaa manyoya yenye rangi ya kuzaliana.

Ukishachagua wiki, fungua jedwali la maji na ulisome polepole. Majedwali mengi hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane, kwa hiyo 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi na 16:12 ni saa kumi na dakika 12 jioni. Kosa la kusoma saa hapa hukupoteza saa sita, yaani utafika maji yamekauka. Angalia pia kama jedwali limeandikwa kwa saa za nchi au kwa saa za kimataifa. Kisha angalia ni la bandari gani. Maji huchukua muda kuingia ndani ya hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) au mlango wa mto, na ndani kabisa yanaweza kujaa dakika kadhaa, pengine saa nzima na zaidi, baada ya kujaa baharini. Wavuvi wa mahali hapo wanaijua tofauti hiyo kuliko jedwali lolote, waulize.

Sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili kwa siku, yakipishana kwa saa 12 na dakika 25 hivi. (Ziko pwani chache, kama baadhi ya zile za Ghuba ya Meksiko, zinazojaa mara moja tu, huko kanuni za saa nitakazozitaja hazifai.) Mahali pamoja, bamvua hujaa karibu saa zile zile kila inaporudi. Ikiwa bamvua ya leo imejaa saa kumi jioni, ya majuma mawili yajayo nayo itajaa karibu na saa kumi, na ya mwakani hali kadhalika. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Pwani ambayo bamvua yake hujaa jioni na alfajiri itakunyima mwanga wa kuwatazama ndege wakiondoka. Huko nenda siku moja au mbili kabla ya kilele: maji yatakuwa pungufu kidogo, lakini yatajaa mapema zaidi. Kadiri siku zinavyosonga, kujaa huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kwa siku, na wakati wa bamvua pungufu ya hapo.

Mwisho, tazama hali ya hewa. Jedwali huhesabu mwezi na jua tu. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali 1, bahari hupanda kwa sentimita 1 hivi, na upepo unaovuma kuja nchi kavu huongeza tena. Hivyo siku ya mawingu mazito na upepo wa baharini, maji ya mita 3.6 kwenye jedwali yanaweza kufika 3.8 au 3.9. Sentimita hizo ndizo zinazoamua kama fungu la mchanga ulilolitegemea litabaki juu au litazama.

Kujua maji yanavyokwenda

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote cha kupanda katika sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti kati ya maji makavu na maji makuu ni mita 3.6, utapata mita 0.3, 0.6, 0.9, 0.9, 0.6 na 0.3. Kwenye matope yaliyolala karibu bapa, yanayoinuka mita 1 kwa kila mita 500, zile mita 0.9 za saa ya tatu hufunika mita 450 za nchi kwa saa moja, zaidi ya mita 7 kila dakika. Kanuni hii ni ya makadirio, lakini ina mafunzo mawili. La kwanza, ndege huanza kusukumwa mapema, katikati ya kujaa, si dakika za mwisho. La pili, maji hayo hayo yanakusukuma na wewe, tena hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako.

Kutafuta mahali pao pa kupumzika

Usiende kutafuta mahali pa ndege siku yenyewe ya bamvua. Nenda siku moja au mbili kabla, maji yakiwa yamepwa, na uwe na picha ya setilaiti ya eneo kwenye simu. Tafuta ncha za ndimi za mchanga, mafungu ya katikati ya hori, kingo za mashamba ya chumvi, mabwawa ya kamba, tuta la mawe, uwanda mtupu nyuma ya mikoko. Ndege hawa wanataka kuona mbali pande zote ili kozi, ndege mwindaji, asiwavizie, wanataka utulivu, na wanataka pawe karibu na malisho, kwa kuwa kila kilomita ya kuruka huwagharimu mafuta ya mwilini.

Mahali panapotumika huacha ushahidi: kinyesi cheupe kilichotapakaa, manyoya madogo yaliyosukumwa na upepo, nyayo nyingi zinazotazama upande mmoja. Kuelekea upande mmoja ni kawaida, maana ndege husimama wakiukabili upepo.

Kisha tafuta mstari wa takataka, ule wa majani ya bahari, vijiti na povu kavu ambao maji ya mwisho yameuacha. Huu ndio msaada mkubwa kuliko vyote. Linganisha urefu wake na kimo cha maji yaliyojaa jana kwenye jedwali, halafu angalia kimo cha siku yako. Ikiwa jana maji yalikuwa mita 3.2 na mstari uko sentimita 30 tu chini ya kilele cha fungu, bamvua ya 3.6 italifunika lote. Ndege watakuja hapo, watabanana, kisha watainuka pamoja nusu saa kabla ya kujaa na kwenda kwingine. Ukikaa pale hadi mwisho utabaki na bahari tupu. Kwa hiyo kila mahali pa kupumzika pawe na namba yake: kimo ambacho kikizidi, panazama. Iandike. Na utafute mahali pa pili palipo juu zaidi, mara nyingi ndani ya nchi kavu, penye mashamba ya chumvi au uwanda wa nyuma. Siku ya bamvua kubwa kabisa, anza hapo pa pili moja kwa moja.

Si wote watakaokuja uwandani. Sululu (Numenius phaeopus) na yule kitwitwi mwenye mdomo uliopinda juu (Xenus cinereus) hupenda kutua juu ya mikoko yenyewe. Mtu anayetazama mchanga pekee huwakosa kabisa, halafu hudhani hawapo.

Pa kukaa

Weka jua mgongoni au ubavuni. Ukilitazama jua, ndege wote wanakuwa vivuli vyeusi na siku imekwisha kabla haijaanza, kwa hiyo fikiria jua litakapokuwa saa ya kujaa, si saa unayofika. Kaa chini, na nyuma yako pawe na kichaka, tuta au ukuta, ili umbo lako lisionekane dhidi ya anga. Anza na umbali wa mita 150 kutoka panapotarajiwa ndege, na uongeze kama eneo lina watu wachache, kwa kuwa ndege wasiozoea watu hushtuka mbali zaidi. Ndege wenyewe wanaweza kukusogelea. Ruhusa hiyo ni yao.

Kabla ya kukaa, hakiki njia ya kutoka: ipo juu ya mstari wa takataka wote? Inakatiza kijito? Ukiona inakatiza kijito, hata kikavu, chagua mahali pengine. Usipite kwenye tope usilolijua. Likikushika miguu, legea, egemea nyuma ili uzito usambae, na utoe mguu mmoja mmoja polepole. Kuvuta kwa nguvu ukiwa wima huzidi kukuzamisha. Mwambie mtu ulipo na saa utakayorudi.

Vifaa

Darubini ya macho mawili ya 8x42 au 10x42 (inayokuza mara 8 au 10, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha kuona makundi na mruko. Kwa kutambua ndege wadogo na kusoma pete ambazo watafiti huwafunga miguuni unahitaji teleskopu ya 20–60x yenye lenzi ya mbele ya milimita 65 hadi 85, pamoja na stendi ya miguu mitatu iliyo nzito kiasi. Stendi nyepesi hutetemeka kwa upepo wa pwani na kuifanya teleskopu nzuri kuwa bure. Ning'iniza mfuko wa mchanga katikati yake na usiinue nguzo ya kati. Usivutiwe na namba 60. Joto likishapanda, hewa juu ya mchanga hucheza na picha huchemka. Rudisha kwenye 25 au 30 na utaona zaidi. Kuinua macho nusu mita juu ya usawa wa mchanga husaidia pia, kwa sababu hewa mbaya kabisa ndiyo iliyo chini. Ongeza kofia, maji ya kunywa lita mbili au tatu, daftari na penseli (kalamu ya wino hukataa kwenye unyevu), kaunta ya mkononi, na kitambaa safi chenye chupa ndogo ya maji baridi yasiyo na chumvi.

Siku yenyewe

Tuseme maji yanajaa saa nne na nusu asubuhi. Fika saa moja, au saa moja na nusu ukichelewa sana. Wakati huo ndege bado wanakula mbali, na ndio wakati wa kupanga stendi na kuzoea eneo. Tazama nani yuko kwenye ukingo wa maji na nani yuko kwenye tope kavu, kwa sababu namna ya kula inatambulisha ndege kabla hujaona rangi.

Kati ya saa mbili na saa tatu maji yanakimbia. Makundi yanaanza kuruka chini chini juu ya maji, mara nyingi aina moja moja. Usisogee. Usisimame kumwita mwenzako. Kundi la kwanza likitua salama, yale yanayofuata huliona na kutua kando yake. Likishtuka, yote huhamia upande wa pili wa hori na hayarudi mpaka maji yapwe. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya siku kuharibika.

Kuanzia saa tatu na nusu hadi saa tano na nusu ndege wametulia. Mbele kuna waliosimama kwa mguu mmoja, mdomo ndani ya manyoya ya mgongo. Sogeza teleskopu taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, ukimaliza rudi tena. Ndege wadogo hujificha nyuma ya wakubwa na hutokea wanapobadilishana nafasi. Saa ya kwanza ya kupwa maji hushuka sehemu 1 tu kati ya 12, kwa hiyo usifunge vifaa eti maji yamegeuka. Tope la kwanza likifunuliwa, wenye njaa hutangulia, kwa kawaida wale wadogo, wakishuka pamoja na ukingo wa maji. Dakika hizo ni nzuri kuliko zote za kutazama: ndege wako karibu, wanatembea, wananyoosha mabawa na miguu yao inaonekana.

Kutambua

Anza na ukubwa, mdomo na miguu. Rangi iache mwisho, kwa kuwa nje ya msimu wa kuzaliana wengi ni kijivu juu na cheupe chini. Mdomo mrefu uliopinda chini kama mundu ni wa sululu, na sauti yake ni mlio mmoja unaorudiwa haraka mara saba hivi. Mdomo mrefu ulioinuka kidogo mbele, kwa ndege mkubwa, ni wa Limosa lapponica. Kitwitwi mdogo mweupe anayekimbia mbele ya wimbi na kurudi nalo ni Calidris alba. Mwenye miguu ya rangi ya chungwa, mnene na mfupi, anayepindua mawe na majani ya bahari kwa mdomo, ni Arenaria interpres.

Wengine hujionyesha wakiruka tu, kwa hiyo wakiinuka usishushe darubini. Pluvialis squatarola, wa kijivu mwenye macho makubwa na mdomo mfupi, ana weusi kwapani ambao hakuna mwingine wa ukubwa wake mwenye nao. Calidris ferruginea huonyesha kiuno cheupe. Tringa totanus ana ukingo mpana mweupe nyuma ya mabawa. Tringa nebularia hana, ila weupe wa kiuno chake hupanda mgongoni kama kabari. Kwenye pwani za Bahari ya Hindi mtafute pia Dromas ardeola, mweupe na mweusi, mdomo mnene kama wa buabua mkubwa, mla kaa. Ndiye pekee katika ndege hawa anayetaga ndani ya shimo alilolichimba mchangani.

Wadogo wa mchangani wenye mdomo mfupi wasio na mkufu shingoni, wale wa jamii ya Anarhynchus, wanasumbua hata wazoefu. Linganisha urefu wa mdomo na nafasi kati ya jicho na chimbuko la mdomo, tazama urefu wa miguu, na kama huna hakika andika jamii yake tu. Rekodi ya jamii iliyo sahihi inafaa kuliko ya spishi ya kubahatisha.

Kuhesabu

Hesabu wakiwa wametulia, saa ya kujaa, kabla kitu chochote hakijawainua. Hesabu ndege kumi mmoja mmoja, jifunze kumi hao wanajaza nafasi kiasi gani kwenye kioo, kisha endelea kwa makumi. Kundi likizidi elfu, tumia mamia. Kisha rudia kutoka upande wa pili. Namba mbili zikipishana sana, hesabu mara ya tatu. Kosa linaloelekea upande mmoja daima ni kuhesabu pungufu, kwa sababu ndege wa nyuma wamefunikwa. Kwa kundi lenye mchanganyiko, pata kwanza jumla, halafu hesabu aina katika vipande vitatu au vinne vya kundi na ugawe jumla kwa uwiano huo. Usichukue kipande kimoja, kwani aina hujitenga. Andika saa, kimo cha maji, upepo na mahali ulipokaa. Bila kimo cha maji, hesabu ya leo haiwezi kulinganishwa na ya mwaka ujao. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, inayofanyika kila Januari tangu 1967, inategemea namba za namna hii.

Ukiona pete au kibendera cha rangi mguuni, andika kila kitu: mguu wa kulia au kushoto (wa ndege, si upande wako), juu au chini ya goti, rangi kutoka juu kwenda chini, na herufi kama zinasomeka. Piga picha kupitia teleskopu hata kama ni mbaya. Rangi nyekundu na chungwa hudanganya jua likiwa kali. Soma tena ndege akigeuka.

Kutowainua

Kundi linalotaka kuruka hutoa ishara kabla: vichwa vinainuka pamoja, wanaolala wanaamka, wanaanza kutembea kwa mstari kukuacha, sauti kali moja mbili inasikika. Ukiona hivyo, ganda. Wasipotulia, rudi nyuma polepole ukiwa umeinama. Kuinuliwa mara moja na kozi hawana budi. Kuinuliwa mara tano na watu, mbwa na droni kwa maji yale yale ni mafuta yanayochomwa bure. Mwaka 2022 kinda mmoja wa Limosa lapponica, mwenye umri wa miezi mitano hivi, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua. Safari kama hiyo hulipwa na mafuta yaliyowekwa kwenye matope. Ndiyo maana hatupigi mawe, hatupigi makofi kwa ajili ya picha ya mruko, na hatupeleki droni juu ya kundi, hata mara moja.

Baada ya maji kupwa

Subiri kundi la mwisho lishuke ndipo usimame. Kisha osha vifaa siku ile ile. Chumvi ikikauka kwenye lenzi ni chembe ngumu. Ukiifuta kavu inakwangua. Mwagia kwanza maji yasiyo na chumvi, acha yatiririke, ndipo upanguse kwa kitambaa chenye unyevu na kumalizia kwa kikavu. Miguu ya stendi ifungue vipande vyote, isuuze mchanga kwenye vibano, na uiache wazi usiku kucha. Ukiifunga na unyevu ndani, vibano hukwama kabla ya bamvua inayofuata.